Maneno ya Kiongozi Mahali pa Sinema: Kutoka Mrima hadi Milima ya Meru na Usambara

Kuna namna mpya ya matembezi ambayo imepata nguvu duniani katika miaka hii, nayo ni kwenda kutazama mahali palipopigwa picha za sinema mashuhuri. Mtu humkodi kiongozi wake peke yake, hupanda motokaa, na hupelekwa mji mmoja baada ya mwingine huku akiambiwa: hapa bwana fulani alisimama, pale bibi fulani alilia, kanisa lile ndilo la arusi. Mfano ujulikanao zaidi uko Sisilia, katika vijiji viwili vya mlimani, Savoca na Forza d'Agrò, ambavyo Francis Ford Coppola alivitumia katika picha yake ya The Godfather iliyotoka mwaka 1972. Hadithi ya picha ile inataja mji wa Corleone, na Corleone ni mji wa kweli, upo upande mwingine wa kisiwa. Lakini mtengenezaji aliuona umekwisha kubadilika, haufanani tena na zamani alizotaka kuzionyesha, akachagua vijiji vingine. Basi leo wageni humiminika Savoca, huketi katika Bar Vitelli, hunywa na kupigwa picha, wala hawasumbuliwi sana na habari kwamba jina lililomo katika hadithi ni la mji mwingine.

Mambo haya yana haki ya kuzungumzwa katika jarida la lugha kwa sababu kinachouzwa katika matembezi hayo ni maneno. Mlima haukubadilika kwa kupigwa picha. Barabara ni ile ile, na mawe ni yale yale. Mgeni asiyeambiwa kitu hupita asijue. Kinachoufanya mlima uwe mahali pa sinema ni masimulizi ya kiongozi, na masimulizi hayo yana mwanzo wake, vituo vyake, mizaha yake, na pahala pa kushusha sauti. Ni kazi ya kinywa kama ngano na kama hotuba ya harusi. Ikiwa sisi huhukumu ngano, sioni kwa nini tusiyahukumu maneno haya, nayo husikilizwa na watu wengi zaidi kuliko ngano zetu nyingi za leo. Tena husikilizwa na wageni, ambao huyachukua wakaenda nayo kwao kuwa ndiyo habari za nchi yetu.

Hapa Afrika Mashariki, mahali palipopata sifa kubwa ya namna hii bila shaka ni Arusha na vilima vilivyo chini ya Mlima Meru, kwa ajili ya picha iitwayo Hatari! Mtengenezaji wake alikuwa Howard Hawks wa Marekani, na mchezaji mkuu John Wayne. Kazi ya kupiga picha katika Tanganyika ilianza mwishoni mwa mwaka 1960 ikaendelea hadi miezi ya mwanzo ya 1961, na picha yenyewe ikatoka mwaka 1962. Kisa chake si kirefu: kundi la watu wa mataifa mbalimbali hukamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za wanyama ng'ambo, huwafukuza vifaru na twiga kwa motokaa, na jioni hunywa na kutaniana. Mmoja wa wachezaji, Hardy Krüger wa Ujerumani, aliipenda nchi akanunua shamba huko Momella, akakaa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2022. Nyumba yake leo ni nyumba ya wageni, nayo imechukua jina la ile picha.

Nilipanda huko kutoka pwani, nikakodi kiongozi wa peke yangu, kijana wa upande ule ule wa Meru. Jina lake silitaji, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Aliponiona nimefika na vitabu alidhani nataka Kiingereza, akaanza masimulizi yake aliyoyahifadhi. Yalikuwa mazuri. Nasema hivyo kwa haki, maana ni desturi ya watu wa vyuo kuwadharau viongozi wa wageni. Alijua mahali pa kusimamisha motokaa ili mlima utokee nyuma ya miti kwa ghafula. Alijua kutaja jina la John Wayne kisha anyamaze kidogo. Aliniambia kwamba wachezaji wenyewe ndio waliowafukuza wanyama, si watu wa kukodiwa badala yao, akalisema hilo tulipokuwa katika tambarare, gari likiruka katika mashimo, hata mwili wangu ukaisadiki habari kabla ya akili. Mtambaji hodari hufanya vivyo hivyo. Katika masimulizi yale mwenyeji hata mmoja hakutajwa.

Tulipopumzika nikamwamkia dereva kwa Kiswahili, na kijana akageuka. "Shikamoo, mzee," akasema, kama kwamba ndiyo kwanza tumekutana. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu." Tangu hapo akawa msimuliaji mwingine. Hakurudia hata neno moja la yale ya kwanza. Alinyosha mkono upande wa kaskazini akasema, "Mzee, mashamba haya yana maneno." Kisha akanieleza habari za Engare Nanyuki: jinsi mwaka 1951 Serikali ya Mwingereza ilivyowatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ili ipewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe, nyumba zikachomwa, na jinsi Kirilo Japhet alivyotumwa na watu wake akaenda New York mwaka 1952 kulishtaki jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Mambo haya ni ya kweli, yamekwisha kuandikwa, na Kirilo mwenyewe pamoja na mwanasheria Earle Seaton waliyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1967. Yalitokea karibu sana na pale tulipokuwa tumesimama, miaka tisa tu kabla ya Hawks kufika na kamera zake.

Nikamwuliza kwa nini hakuyasema yale kwa Kiingereza. Akajibu bila haya wala hasira: "Wageni hawakulipia hayo, mzee."

Jibu hilo lina akili, na si haki kulipita mbio. Mtu aliyetoka mbali akitaka kuona mahali pa picha aliyoipenda utotoni hakuja kusikiliza mashtaka ya ardhi, na kiongozi ana watoto wa kulisha. Pengine mtu atasema pia kwamba masimulizi ya sinema ni sanaa mbali na historia ni elimu mbali, na kwamba kuyachanganya ni kuyaharibu yote mawili. Hoja hii ya pili ndiyo nisiyoweza kuikubali, na sababu yangu imo ndani ya picha yenyewe.

Tuitazame basi. Ilipigwa katika miezi gani? Uchaguzi wa mwaka 1960 ulikuwa umekwisha, TANU imepata viti vyote isipokuwa kimoja, na tangu Septemba Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi. Madaraka ya ndani yalikuja Mei 1961, na Uhuru tarehe 9 Desemba mwaka ule ule. Kwa hiyo vifaru wa Hatari! wanafukuzwa katika nchi ambayo kila kijiji chake kilikuwa kikizungumza jambo moja, na jambo hilo halimo katika picha hata kwa dokezo. Nchi ile katika sinema haina serikali ya zamani wala mpya. Ina wanyama, mvua, na watu wa kushika kamba. Mfaransa, Mjerumani, Mmarekani na Mwitalia wana majina, wana wivu, wana mapenzi. Mwenyeji ana mikono. Huu ni uchaguzi wa msanii, na uchaguzi wa msanii ndio kazi ya mhakiki. Kiongozi akisimama Momella akayarudia yaliyomo katika picha na kuyaacha yaliyoachwa na picha, hakutenga sanaa na historia. Amekubali hukumu ya Hawks juu ya kipi kinastahili kuonekana, akaitia sahihi kwa kinywa chake yeye, mjukuu wa watu wa mahali pale.

Na Kiswahili? Kiswahili kimepata cheo cha kuwa jina la picha, nalo neno ni letu, la asili ya Kiarabu lakini limekwisha kukaa nyumbani. Zaidi ya hapo kimepata amri chache na lakabu moja, Mama Tembo, ambayo msichana aliyewalea ndama wa tembo anapewa. Hapa naomba ruhusa ya kucheka kidogo. Sisi wa Mrima humwita mwanamke kwa jina la mwanawe, basi Mama Tembo ni mzazi wa mtoto aitwaye Tembo, na hilo bado ni sawa na kisa, kwa kuwa wale ndama humfuata kama watoto hata katika barabara za mji wa Arusha. Lakini pwani mnyama yule wazee walimwita ndovu, na tembo ni kitu kigemwacho mnazini. Mzee wa Kaole akisikia Mama Tembo hatafikiri pembe; atauliza kibuyu. Mtengenezaji hakulijua hilo wala hakulazimika kulijua. Kiongozi anayelijua angeweza kumchekesha mgeni wake kwa mzaha huu, na kwa mzaha mgeni angejifunza kwamba Kiswahili kina pande zake. Ni kitu kidogo, hakimwudhi mtu, na kinafaa zaidi kuliko hadithi ya tatu ya namna John Wayne alivyokuwa mrefu.

Sasa tushuke Meru twende Usambara. Njia ya kutoka Chalinze hupita Segera na Korogwe, na juu ya Korogwe, kwenye vilima vyenye mashamba ya chai, kiko kijiji cha Vugiri. Sikupata kiongozi wa sinema huko, wala mtu wa kuniambia kwamba mgeni amewahi kumtaka. Hata hivyo kama kuna mahali katika Afrika Mashariki panapostahili kuitwa mji wa sinema wa mlimani, ni Vugiri. Tangu mwaka 1935 hadi 1937 palikuwa makao ya Jaribio la Sinema la Kuelimisha Wabantu, lililojulikana kwa herufi zake BEKE. Fedha zake kubwa zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, wasimamizi wake wakiwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu huko Rhodesia ya Kaskazini. Picha 35 zilitengenezwa, wachezaji Waafrika, mandhari ya hapa hapa. Zikachukuliwa kwa lori, pamoja na mtambo wa umeme na kitambaa cheupe, zikaonyeshwa usiku Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Jambo la kutushughulisha zaidi sisi ni sauti yake. Filamu zenyewe zilikuwa bubu; maneno yaliwekwa mbali katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi zile, na santuri ikagandamana na picha kwa kadiri ilivyowezekana. Pahala pasipokuwa na santuri ya lugha ya watu, mtu alishika kipaza sauti akaeleza. Huyu mtu mwenye kipaza sauti ndiye babu wa kiongozi wa leo. Naye ni babu wa Lufufu na wenzake wa Dar es Salaam, waliojipatia sifa kwa kusema juu ya picha za kigeni kwa Kiswahili, wakawapa Wachina na Wahindi majina ya mitaa yetu na matusi ya daladala. Picha inasema lake, naye anasema lake kandoni, na watazamaji hucheka kwa lake. Asidhani mtu kwamba kusema pembeni ya picha ni kazi ya utumishi tu; mwenye kusema mwisho ndiye mwenye picha.

Na picha zile za Vugiri zilikuwa na haja ya mtu wa kusema pembeni. Mojawapo ya zilizotangulia ilihusu akiba ya Posta. Vibarua wawili wanalipwa mshahara. Mmoja anauzika ardhini, mwizi anamwona, anaufukua. Mwenzake anauweka Posta na mambo yake yanamnyokea. Kisa kimejengwa kama hekaya zetu za mjinga na mwerevu, nacho si kibaya kwa hekaya. Lakini hekaya ya kweli humpa mwerevu hila yake mwenyewe, ambapo hapa werevu wote ni wa Posta. Walipiga pia ngano ya sungura na chui, na mimi ningependa kuiona hiyo kuliko nyingine zote, nijue sungura aliachiwa ulimi wake au naye alipelekwa Posta. Zilizobaki leo ni chache mno. Notcutt na Latham waliacha kitabu, kilichotoka mwaka 1937, chenye mambo mengi ya maana juu ya mitambo, gharama, na tabia za watazamaji. Majina ya wasimamizi tunayo. Mtu aliyecheza mwizi, ambaye bila shaka watoto wa Vugiri walimwita Mwizi mpaka akazeeka, hana njia ambayo msomaji wa leo angempata kwayo.

Wasomaji wa Ubena na Chalinze hawana haja ya kwenda hadi Usambara ili wakute mahali pa picha za BEKE. Mojawapo ya chache zilizohifadhiwa Uingereza inahusu Kingolwira, karibu na Morogoro chini ya Uluguru, ambapo Serikali iliwapa wakulima mashamba kwa mpango wake na kutaka mpango huo usifiwe. Mtu wa Ubena aendaye Morogoro sokoni hupita penye jina hilo ndani ya basi, naye akilisikia hukumbuka gereza. Kwamba babu wa watu walewale walitembea mbele ya kamera miaka karibu tisini iliyopita, jembe begani, wakiagizwa watembee tena kwa kuwa mara ya kwanza hawakutembea vizuri, hilo hakuna anayemwambia. (La kuagizwa watembee tena ni dhana yangu, lakini ni nani aliyewahi kupigwa sinema akaruhusiwa kupita mara moja?)

Baadaye, katika miaka ya 1950, Serikali ilijaribu tena, mara hii kwa msaada wa kampuni ya Afrika ya Kusini, na Dar es Salaam zikatengenezwa picha za Kiswahili kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mchezaji wake mkuu alikuwa kijana wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi gani nyingine iliyotoa nyota wa sinema wa kwanza na Waziri Mkuu katika mtu mmoja, ikakaa kimya? Marekani walingoja hadi 1981 kumpata rais mchezaji, na nyumba yake ya utotoni imekwisha kufanywa makumbusho. Hili nalisema kwa wivu wala silifichi.

Narudi sasa Mrima, kwani hapa pana tatizo lililo kinyume cha yote niliyoeleza. Savoca pana sinema lakini hapana tukio. Vugiri pana sinema iliyosahauliwa. Pwani yetu, kutoka Kaole hadi Saadani, pana matukio ambayo yametengenezewa sinema kwingine.

Novemba 1884 Carl Peters alivuka kutoka Unguja akashukia Saadani, akaenda bara kuwatilisha watu sahihi katika mikataba ambayo Wajerumani waliifanya msingi wa koloni lao. Mwaka 1941 Wajerumani wa Hitler walitoa picha iitwayo Carl Peters, mtengenezaji Herbert Selpin na mchezaji mkuu Hans Albers, ikimsifu mtu yule ambaye hata serikali yake mwenyewe ilikuwa imemfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili. Hakuna hata mchanga wa Saadani uliomo ndani yake. Ilitengenezwa Ulaya wakati wa vita, na baadhi ya Waafrika wanaoonekana walikuwa wafungwa wa vita waliotolewa kambini. Lakini mtu mmoja wa pwani hii alikuwamo: Mahjub bin Adam Mohamed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, askari mtoto katika Vita ya Kwanza, aliyekwenda Ujerumani mwaka 1929 akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin na kucheza katika picha kadhaa. Katika Carl Peters alicheza mwenyeji anayemtumikia na kumwongoza Peters. Yaani mwana wa Dar es Salaam alimwigizia kiongozi wa safari ile, kwa Kijerumani, katika pwani ya mbao na kitambaa. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa na polisi wa Hitler kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Berlin wamemwekea jiwe dogo la kumbukumbu barabarani, na mwaka 2013 ilitolewa filamu juu ya maisha yake. Mwalimu wa Kiswahili aliyekufa namna hii alistahili kujulikana na kila mtu anayefundisha lugha hii. Kiongozi wa Saadani awaonyeshaye wageni kasa na viboko, akitaka kutaja sinema, anayo moja ya kutaja, na anaye mtu wake wa kumtaja.

Kadhalika habari za Burton na Speke. Walianza safari yao ya kutafuta maziwa kutoka Kaole, Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Bob Rafelson aliitolea safari hiyo picha mwaka 1990, Mountains of the Moon, yaani Milima ya Mwezi, akaipiga kwa sehemu kubwa Kenya. Ni picha iliyo juu ya nyingi za namna yake. Sidi Mubarak Bombay anapewa uso na akili, jambo ambalo Hawks hakujaribu. Wageni walioitazama hufika Bagamoyo wakauliza: hapa ndipo ilipopigwa? Nimemsikia kiongozi mmoja akijibu kwamba ndiyo. Nilielewa kwa nini, kwani magofu ya Kaole, na misikiti yake ya karne nyingi, na makaburi yenye minara, hayamvuti mgeni yule kama neno sinema. Ila kwa jibu lile alikiuza cha kweli kwa bei ya cha uongo. Angesema, "Hapana, bwana, walipiga kwingine, hapa walipita wenyewe," angekuwa na sentensi bora kuliko zote za siku ile, wala isingempunguzia senti.

Maneno ya viongozi wa Bagamoyo yana udhaifu mwingine unaofanana na huu, na unahusu jina la mji. Wageni huambiwa kwamba Bagamoyo ni bwaga moyo, nao watumwa ndio waliosema hivyo walipoiona bahari, wakikata tamaa. Wazee wengine husema ni wapagazi waliobwaga mioyo kwa raha baada ya miezi ya njia, na wanahistoria wa siku hizi wameonyesha kwamba wengi wa waliokuja na misafara walikuwa Wanyamwezi huru, wachukuzi wa pembe kwa ujira, waliopiga kambi hapa, wakacheza ngoma, wakanunua nguo, wakarudi. Utumwa ulikuwapo, hakuna wa kuukana. Lakini mwaka 2006 Serikali ilipoipeleka njia ya misafara katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, jina lililotangulia lilikuwa la utumwa na la pili la pembe, na viongozi wakafuata mpangilio huo huo. Kati ya maana mbili za jina moja, iliyo na machozi ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa inafanana na sinema. Mnyamwezi aliyefika pwani na mshahara, akacheka, hana nafasi katika picha ya mtu yeyote.

Mwaka 2021 nchi yetu yenyewe ilitengeneza picha ambayo ndani yake kiongozi wa wageni ni Rais. Katika Royal Tour, Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza Mmarekani Peter Greenberg kutoka Unguja hadi mbugani na Kilimanjaro, na Bagamoyo palikuwa miongoni mwa mahali walipofika. Ikaonyeshwa kwanza New York Aprili 2022. Wengi wameizungumza kwa siasa na kwa hesabu za watalii. Kwa upande wetu ina fadhila moja kubwa: mwenyeji ndiye anayeongoza, na mgeni huketi kando akasikiliza, kinyume cha Hatari! kabisa. Upungufu wake ni kwamba maswali bado ni ya mgeni, na kwa kuwa ni ya mgeni, majibu huenda pale pale anapopataka. Ningetamani kuona nusu saa tu ambapo angeulizwa maswali na mwanamke wa Kaole. Hapo tungesikia Kiswahili kikiongoza.

Nimependekeza kwa wanafunzi kadhaa, na hapa napendekeza kwa Taasisi, jambo la kufanya kabla ya mengine: kuyanasa masimulizi ya viongozi wa Momella, Lushoto na Bagamoyo kama tunavyonasa tenzi, kila mmoja mara mbili, mara kwa Kiingereza akimwambia mgeni, na mara kwa Kiswahili akimwambia mzee wake, kisha tuyalinganishe mstari kwa mstari. Tofauti ya yale mawili itatueleza habari za nchi hii ambazo hazimo katika kitabu chochote. Kazi ya Vugiri haiwezi kungoja zamu yake. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku lori la BEKE lilipowasha taa zake sasa anakaribia mia. Wapo wajukuu waliosimuliwa, na zipo filamu chache Uingereza ambazo nakala zake zaweza kuombwa. Mtu akizipeleka nakala hizo Vugiri, akatandika kitambaa jioni, akawauliza wazee wa Kisambaa mtu yule anayefanana na nani, yumkini majina mawili matatu yatapatikana.